Ile Vesti ya Uzi Mwekundu

Jumapili, mvua ya asubuyi imekwisha. Upande wa Walikale, kwa kaka yangu.

Wee muntu wa Goma, mwenye page, huna haya? Muntu anatema meno mu majani, wee unaniandikia eti foto yake iko na nguvu!

Leo nimepanda kilima na miguu yenye kuvimba, natafuta rezo. Siku tano telefone ilikuwa jiwe tu mu kikwembe. Rezo ikakamata, ujumbe wa kwanza ni wako: "Mama Foto, ile foto yenye uliweka mu gurupe, ya mwenye vesti, watu wameipenda sana. Tumeiweka ku page, inazunguka kila fasi. Utume zingine kama hiyo. Ziko na nguvu."

Nguvu.

Nimekaa ku jiwe lenye maji, naandika na kidole kimoja. Masomo yangu ni ya miaka tatu tu, na utaona makosa. Acha makosa, soma maneno. Utasoma mupaka chini, kwa sababu kule chini kuna kazi yako.

Wenye kusoma hapa mu gurupe kila wakati wananijua. Kwa wengine: mimi njo mupiga foto wa Kashuga. Bwana yangu alikufa akaniachia aparei moja ya foto na pazia moja yenye imechorwa ndege ya kuruka. Nimepiga arusi, ubatizo, karte za shule, maiti. Kutoka Kashuga mupaka Kalembe hakuna mwingine mwenye anajua kupiga muntu mweusi ndani ya nyumba ya giza na uso ukatoka wote. Sijivune. Ni kweli.

Na niko na kazi ingine, ya roho, hakuna mwenye alinituma. Kila foto natoa mbili. Moja ya kliyan mwenye kulipa, moja ya kitunga yangu. Watu wananicheka: Mama Foto anavuna sura kama mahindi. Wacheke. Kwetu muntu anakimbia na godoro, na sufuria, na mbuzi. Foto hakuna mwenye anaikumbuka. Kisha mumoja anafia njiani, na siku ya kilio watu wanatafuta sura yake ya kuweka ku kiti, hawana. Njo wanakuja kwangu. Naingiza mukono mu kitunga, naitoa, natandika kitambaa, naiweka ku kiti mimi mwenyewe.

Sasa vesti.

Niliinunua ku soko ya Mweso, mu mitumba, pamoja na robe nyeupe ya arusi. Vesti ya madoadoa, koti ya kiaskari. Kifungo cha tatu kilikuwa kimeanguka, nikashona kingine na uzi mwekundu, kwa sababu njo uzi nilikuwa nayo. Papa Elie, fundi wa viatu, akanichongea bunduki ya muti, akaipaka rangi ya viatu mupaka ikangaa.

Wanaume wakaanza kupanga mustari mbele ya mulango. Na mimi nilijua sababu. Mwanaume wa kwetu amekimbia mara sita, mara saba, mutoto ku mabega, kichwa chini. Mbele ya pazia yangu, dakika tano tu, anasimama kama yeye njo mwenye kufukuza. Nilikuwa namwambia, pandisha kidevu. Na kidevu kinapanda. Hicho kidevu njo nilikuwa natafuta. Sikuwa natafuta vita.

Sikuwaza hata siku moja ni nani mwingine ataingia mu nyumba ya muntu na kuangalia ukuta.

Jumanne wale wa kilima wakashuka. Sitawataja jina. Majina yao inabadilika kila mwaka na fimbo inabaki ileile. Wakaingia nyumba kwa nyumba. Kwa Samweli, mulimaji wa maharagi, muntu mwenye hajapiga hata mbwa yake, wakakuta foto juu ya meza, mu kadre ya kioo. Samweli mu vesti. Samweli na bunduki. Kidevu juu.

Mukewe, Mama Furaha, akaingia kwangu bila kitambaa ku kichwa.

"Mama Foto! Wanamuua Samweli! Kuja useme ile vesti ni yako!"

Nilibaki nasimama. Naandika ukweli: nilibaki nasimama, nikaangalia uzee wangu, nikaona bado nautaka. Mama Furaha akanikamata kikwembe na mikono mbili.

"Wewe njo ulimuvalisha! Si wewe? Si wewe ulimwambia, kunja uso kama simba?"

Hapo nikaenda. Nikabeba vesti, na bunduki ya muti, na bahasha.

Walikuwa wamemulaza ku kiwanja ya shule, mukono wa kushoto juu ya jiwe. Mumoja anauliza, "Kambi yenu iko wapi?" Samweli anasema hana kambi. Kitako ya bunduki inashuka ku kidole. "Iko wapi?" Inashuka ku kingine. Nilisikia mifupa. Inalia kidogo tu, kama kuni kavu. Meno mbili ilikuwa mu majani, na damu ilikuwa inamutoka mu sikio inaingia mu kola.

Komandan wao alikuwa anakaa ku banki ya wanafunzi, ile ya mbao ya kukalia, anakula muhindi wa kuchoma.

Nikamutupia vesti mbele ya miguu. "Hii njo vesti yenye munatafuta. Ni ya studio yangu. Muachilie muntu."

Akasimama, akanipiga kofi. Sijapigwa kofi tangu bwana yangu alikuwa muzima, na yeye alijaribu mara moja tu.

"Nani alikupa nguo ya adui?"

"Nilinunua ku mitumba, pamoja na robe ya arusi. Robe nayo ni ya adui?"

Askari mumoja akacheka, akafunga kinywa mbio.

Nikafungua bahasha. Ndani kulikuwa foto zote za vesti zenye zilikuwa mu kitunga, thelathini na moja. Nikazipanga ku banki moja moja, kama karata.

"Angalia kifungo cha tatu. Uzi mwekundu. Huyu ni katekista, uzi mwekundu. Huyu anauza nyama ya nguruwe, angalia tumbo, kifungo kinataka kuruka, uzi mwekundu. Huyu muzee hana jino hata moja. Hii njo jeshi yenye unaogopa?"

Akaangalia. Akaelewa, niliona ku macho vile ameelewa. Lakini mukubwa hawezi kusema mbele ya askari yake kwamba amevunja vidole vya mulimaji bure. Kwa hiyo akanivalisha ile vesti, akanipa bunduki ya muti, akasema nizunguke kiwanja mara tatu nikipandisha magoti. Mimi, bibi wa wajukuu tisa. Nikazunguka. Wakanipiga fimbo ku matako kama ng'ombe ya Masisi. Wakacheka mupaka mumoja akakaa chini. Na kicheko njo kilimutoa Samweli, kwa sababu muntu mwenye amecheka sana mukono wake unalegea. Komandan akapangusa machozi, akasema, "Mutoe hii takataka hapa." Mama Furaha akamubeba bwana yake ku mugongo kama gunia.

Mambo ingeishia hapo, ningejivuna mupaka kaburini.

Sasa mufungue masikio. Hii sijaambia hata kaka yangu mwenye ananilalisha.

Nilianza kukusanya foto zangu. Komandan akaweka mukono juu. Akachukua moja, akaigeuza ku mwangaza, akaisogeza karibu. "Uko unajua kupiga," akasema. "Nyumba ya giza, lakini uso umetoka wote. Huyu ni nani?"

Na mimi nikafurahi.

Damu ya Samweli ingali mu majani, shavu langu linawaka, na mimi nafurahi juu muntu amejua kazi yangu. Miaka yote hii watu wananiambia, "Mama, umenifanya mweusi sana, punguza." Huyu muuaji aliona mwangaza. Nikamujibu. Huyu ni katekista, nyumba yake iko nyuma ya kanisa. Huyu analima kule ku mugezi, kando ya maji. Huyu njo Papa Elie mwenye alichonga bunduki, fundi kabisa, anakaa ku kona ya soko. Nikasema watu nane, ao kumi, kabla kinywa yangu haijajifunga.

Akazikusanya zote, akaziweka mu bahasha, bahasha mu mufuko wa kifua. "Hizi zinabaki kwangu. Watu wetu wa bariere, wenye kufunga njia, watazifurahia. Jumamosi utakuja unipige na mimi, na askari yangu wote."

Kosa ni langu. Nimesema mara moja, sitarudilia.

Alhamisi wakamutoa Papa Elie ku kazi yake, kiatu cha muntu kingali ku magoti. Eti mwenye anachonga bunduki ya muti anajua fasi ya bunduki ya chuma. Tulimukuta ku daraja. Sitaandika vile panga ilimufanya, kwa sababu mukewe atasomewa hii. Naandika kitu kimoja. Foto yangu walikuwa wameikunja mara ine, wakamujaza nayo kinywa. Niliitoa mimi mwenyewe, na hivi vidole vyenye vinaandika.

Niliiosha, nikainyoosha. Sura ingine yake hatukukuwa nayo. Nikaipeleka kwa mukewe, aiweke ku kiti ya kilio. Akaiangalia, akanirudishia.

"Huyu si bwana yangu," akasema. "Bwana yangu alikuwa anavaa tabuliye ya ngozi, ya kushonea viatu."

Kiti ikabaki wazi. Miaka makumi mbili nakusanya sura juu ya siku kama hiyo, na siku ikafika, na kiti ikabaki wazi mbele ya kila muntu.

Ku hicho kilio njo tulipanga. Askari haulize sababu gani watu wanakusanyika ku kilio. Wanawake wakapita na sahani za bugali, na kila sahani na neno lake: Jumamosi, jua likifika juu ya kanisa, kila mwenye alivaa vesti akimbie kupitia bonde ya maharagi, yeye na watu wake. Musibebe godoro. Mbwa mufunge.

Baba yangu aliwinda mu hii pori yenye naiona mbele yangu sasa, imejaa mawingu. Alikuwa anasema nyama haikimbii muntu, inakimbia kutikisika. Nilikaa naye chini ya miti siku mingi, mutoto wa kike mwenye hakupelekwa shuleni, mududu ananiuma ku shingo, sipigi. Kwake njo nilijifunza foto, mbele ya kujua aparei ni kitu gani. Jumamosi nilitaka kujaribu kitu kingine: kumufanya muwindaji mwenyewe asitikisike.

Nikaenda ku kiwanja ya shule saa tatu. Askari walikuwa wamejipanga, wamejipaka mafuta, wengine wamekopeshana kofia. Kumbe muuaji naye anataka kuonekana muzuri. Nikawageuza uso ku jua. Fundi yoyote wa foto anajua ni kosa: muntu mwenye jua mu macho anakunja uso kama amelamba ndimu. Lakini bonde lilikuwa nyuma yao.

Nikamukaribia komandan, nikamunyoosha kola.

"Mukubwa, mufuko umevimba. Utatoka na titi moja."

Askari wakalipuka. Yeye akaangalia kifua yake, akatoa bahasha. "Shika. Usiikunje."

Nikaishika. Nikainama ku kapu yangu, eti natafuta pile za aparei. Mu kapu kulikuwa bahasha ingine, rangi moja, unene mumoja: watoto wa ubatizo, na nguo zao nyeupe. Njo hiyo nilimurudishia mwisho wa kazi, akairudisha ku kifua bila kuifungua.

Nikapiga. "Pandisha kidevu. Usipepese. Wee wa nyuma, acha kukohoa. Tena. Mumoja amefunga macho. Tena." Na katikati ya vichwa vyao, ndani ya aparei yangu, niliona watu wadogo kama siafu wanashuka mu maharagi. Mama na kitunga. Muzee na fimbo. Mumoja, mumoja.

Mbwa akalia kule chini. Askari wa pembeni akageuza shingo. Nikamurukia, nikamuzaba kofi, nikamukamata kidevu na kumurudisha ku jua.

"Unaharibu foto ya mukubwa wako, mupumbavu!"

Na komandan akamugombeza yeye, si mimi. "Simama kama muntu!"

Nilipiga mara makumi ine. Foto mbaya kuliko zote nimepiga mu maisha yangu, hakuna hata moja yenye ningeuzisha.

Nikasema kuzitoa ku karatasi kutaomba saa mbili, watume muntu wa kuzichukua. Nikaingia studio na mulango wa mbele, nikatoka na wa nyuma. Vesti niliitupa mu shimo ya choo, na bunduki ya muti juu yake. Sikubeba sufuria. Nilibeba kitunga ya sura ku mugongo, na aparei ku tumbo, kama mwenye mapacha.

Mbele ya kufika Kalembe tukaona moshi nyuma yetu. Alikuwa amefungua bahasha, amekutana na watoto wachanga. Pazia yangu yenye ndege imeungua, na robe, na banki, na nyumba. Jirani yangu hakukimbia, kwa sababu yeye hakuvaa vesti hata siku moja. Wakamuuliza niko wapi, akasema hajui. Walimukata sikio. Hakujua kweli. Sikumwambia safari yetu, kwa usalama wake, na usalama wenyewe njo ule.

Hiyo nayo ni yangu. Naiweka juu ya ingine.

Zile foto za askari bado ziko mu aparei. Macho yamekunjwa, ni kweli, lakini kila uso iko, wote wenye walikuwa ku daraja. Wee wa Goma, najua mate yamekutoka. Hutazipata. Zina siku yao, na siku hiyo haiko ku page yako.

Leo asubuyi, mbele ya kupanda kilima, nilimusimamisha katekista mbele ya ukuta ya udongo ya kaka yangu. Shati yake mwenyewe, yenye tundu ku bega. Jembe yake mwenyewe. Sikumwambia neno. Kidevu kilipanda peke yake. Njo kazi yangu mupya: wote, mumoja mumoja, na nguo zao, na vyombo vyao, mupaka niwamalize. Kwa Papa Elie nilichelewa.

Kati ya wale thelathini na moja wa vesti, thelathini wako hai. Makumi mbili na tisa wako huku na sisi.

Mumoja hayuko. Samweli alinikatalia. Anasema huku pori hana muntu, mukewe ana dada Shasha, kando ya ziwa, mwenye atamutunza mukono. Nilimugombeza mupaka sauti ikakauka. Akaniambia, "Mama, wewe umekwisha kuniamuru ya kutosha," akashika njia. Wamezunguka na upande mwingine, yeye na Mama Furaha na watoto ine, kwa miguu. Mupaka Shasha bariere ni mingi, na wenye kusimama ku bariere wako na telefone kama wewe. Siku hizi hawaangalii karte. Wanaangalia telefone, wanaangalia uso.

Nilimutoa mu mufuko wa komandan. Sasa nakuta wewe umemuweka mu mufuko wa kila muntu.

Mimi nimekwisha kufuta zote zenye nilikuwa nimeweka hapa. Nimekupigia mara saba, haukamate. Lakini hapa unasoma, najua, unapenda kusoma Mama Foto.

Samweli anafika bariere ya kwanza kesho asubuyi. Na ninyi wote wenye mulipokea ile foto, mukasema muzuri, mukaituma kwa shemeji na kwa rafiki: muifute, kisha mumupigie ule mwenye mulimutumia, naye aifute. Kama iko ku ukuta yako, itoe na musumari wake.

Na wewe, muntu wa Goma, usinijibu. Usiniombe ruhusa, usiniombe musamaha. Ondoa uso wa Samweli sasa, kabla haujakula.